Umeme wa ziada upo, bomba la gesi la nini?

Swali la msomaji: Shikamoo Injinia. Mimi ni mkazi wa Mkuranga. Tunaambiwa tangu Bwawa la Nyerere liwashwe nchi ina umeme wa kumwaga. Lakini kwetu wiki haiishi bila kukatika. Machi 2025 tukasikia mikoa ya Kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia, na mtaa wa jirani wanachimba mitaro ya kuunganisha nyumba na bomba la gesi. Kama lengo ni kupunguza hewa ukaa, gesi ya nini tena? Wanaopanga gesi na wanaopanga umeme wanakaa meza moja kweli? Na mimi mwenyewe, wakija kunifungia gesi, nikubali?

Marahaba, dada yangu. Umeuliza maswali manne kwa pumzi moja. Nitayajibu kwa mpangilio wangu, kwa sababu lile la meza ndilo mama wa mengine yote, na siwezi kulifikia bila kupita kwanza kwenye nguzo, kwenye bwawa na kwenye sufuria ya maharage.

Tuanze na huo umeme wa kumwaga. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lina mashine tisa, kila moja ya megawati 235, jumla MW 2,115. Ya kwanza iliwashwa Februari 2024, na mwaka uliofuata zote tisa zilikuwa zimekamilika. Ukizichanganya na mitambo mingine, uwezo wa kufua umeme nchini umepita MW 4,000, wakati jioni yenye matumizi makubwa gridi ilikuwa inavuta karibu MW 1,900. Kwenye karatasi, ndiyo, ni kumwaga. Machi 2024, mvua zikiwa zimejaza mabwawa, vituo kadhaa vya maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi walaji. Na miezi michache tu nyuma yake, mwishoni mwa 2023, nchi ilikuwa kwenye mgawo. Weka matukio hayo mawili akilini, nitayarudia.

Umeme hauwekwi ghalani. Kinachofuliwa sekunde hii lazima kiliwe sekunde hii hii. Niliwahi kukaa zamu za usiku kwenye chumba cha kuongozea gridi, na kitu tulichokuwa tunakitazama kuliko saa ya ukutani ni namba moja kwenye kioo: 50. Hizo ni hezi 50, mapigo ya moyo ya gridi nzima. Watu wakiwasha vitu vingi kuliko kinachofuliwa, namba inashuka, 49.8, 49.6, nawe unashika simu kuwaambia wa Kidatu waongeze maji kwenye mashine. Mvua ikiangusha laini inayolisha mkoa mzima, namba inapanda ghafla, na simu ni ileile ila maneno ni kinyume. Kwa hiyo anayesema tuna ziada hasemi kwamba kuna umeme umelala mahali unakusubiri. Anasema kuna mashine zimesimama, zinazoweza kuzungushwa akipatikana wa kula. Na huyo wa kula awe amefikiwa na waya unaotosha.

Kwenye waya ndiko shida yako iliko.

Machi ile Rais Samia Suluhu Hassan aliposema Kaskazini itachukua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, watu walishika vichwa. Bwawa letu kubwa kuliko yote limejaa, halafu tunanunua kwa watu? Mimi sikushangaa, ila niliumia kidogo. Umeme wa Rufiji unatoka bwawani hadi Chalinze kwa laini ya msongo (nguvu inayosukuma umeme kwenye waya) wa kilovolti 400. Kutoka hapo kwenda Moshi na Arusha ni safari ndefu, na sehemu kubwa yake ni kwenye laini za msongo mdogo zaidi, zilizojengwa enzi ambazo hakuna aliyewaza MW 2,000 zitatoka Rufiji. Waya mrefu unakula. Ukisafirisha umeme uleule kwa msongo mara mbili, mkondo unapungua nusu na joto linalopotea kwenye waya linabaki robo. Ukifanya kinyume chake, unawapashia kunguru nyaya. Hasara iliyotajwa kwa kuulisha ukanda ule kutoka mbali ilikuwa shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Upande wa pili, umeme wa Ethiopia unasafiri kilomita zaidi ya 1,000 hadi Suswa nchini Kenya kwa laini ya mkondo mnyoofu (DC) wa kilovolti 500, na kutoka Isinya, hukohuko Kenya, unaingia kwetu kwa laini ya kilovolti 400 yenye kilomita 500 na ushee inayofika Singida. Laini hiyo iliunganisha gridi ya Kenya na yetu Desemba 2024. Arusha, kwa jicho la umeme, iko karibu na Nairobi kuliko Rufiji. Kununua kwa mtindo huo si wazimu. Ila ni dalili. Dalili kwamba tulijenga bwawa kwa kasi ya sungura na njia za kulitoa kwa kasi ya kobe. Laini kubwa ya Chalinze hadi Dodoma, ambayo ndiyo ingelifungua bwawa kuelekea bara, bado ilikuwa kwenye ujenzi wakati mashine zinazunguka.

Wala si sisi peke yetu. Waulize Wakenya habari ya upepo wa Ziwa Turkana. Mitambo 365 yenye uwezo wa MW 310 ilisimamishwa ikakamilika 2017, ikabaki inazunguka kama vinyago kwa zaidi ya mwaka, maana laini ya kuleta umeme Suswa haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Mkataba ukataka fidia, na fidia ikalipwa. Kila mtu anapenda kukata utepe kwenye bwawa. Hakuna anayekata utepe kwenye nguzo ya porini.

Sasa shuka hadi mtaani kwako, maana huko ndiko unakokatika. Chukua transfoma ya kVA 100, ile inayoning'inia kwenye nguzo mbili karibu na duka. Ilipofungwa mtaa ulikuwa na nyumba 40 zenye taa, televisheni na pasi. Leo zipo 90, saluni mbili, mtu wa kuchomelea vyuma na majokofu ya samaki. Saa moja usiku transfoma inachemka, fyuzi inakatika, na hapo hata Rufiji wangekuwa na mashine 20 usingeona mwanga. Mwaka ambao nchi ina ziada kubwa unaweza kabisa kuwa ndio mwaka ambao mtaa wako unakatika zaidi, kwa sababu wateja wanaunganishwa upesi kuliko transfoma zinavyobadilishwa. Nchi inapopanga kuondokana na mkaa na dizeli, fedha nyingi hazihitajiki kwenye kufua. Zinahitajika hapa, kwenye vitu visivyo na picha nzuri ya gazetini.

Haya, gesi.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikakaa chini ya ardhi miaka 30. Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982. Kilichotusukuma kuitumia hakikuwa mapenzi ya gesi, kilikuwa ukame. Nchi ilikuwa inategemea maji ya Mtera na Kidatu, na kila mvua ilipogoma tulirudi kwenye vibatari. Mwaka 2004 bomba kutoka Songo Songo likafika Ubungo. Mgawo wa 2006 na ule mkali wa 2011 ukasukuma uamuzi wa bomba kubwa zaidi, la inchi 36, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililojengwa kwa mkopo wa China na kuzinduliwa Oktoba 2015. Ndilo hilo linalopita kwenu Mkuranga. Lina uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku.

Tupige hesabu ya kalamu. Mtambo wa kawaida wa gesi wa MW 100, ukizunguka saa 24, unakula takriban futi za ujazo milioni 25. Mtambo unaotumia tena joto la moshi wake kuzungushia mashine ya mvuke, kama Kinyerezi II cha Dar es Salaam, unakula pungufu kama theluthi kwa kazi ileile. Mitambo ya gesi kwenye gridi yetu ni MW 1,000 na ushee. Iwashe yote kwa pamoja, usiku na mchana, bado haifiki nusu ya uwezo wa bomba. Na bwawa lilipoanza kufanya kazi, mitambo hiyo ikaanza kuzimwa. Mwisho wa Oktoba 2024 mkataba wa miaka 20 wa mitambo ya kwanza ya gesi pale Ubungo, MW 180 na kitu, ukaisha na mashine zikanyamaza.

Kwa hiyo ukimwuliza mtu wa gesi, atakwambia bomba lina nafasi tele na mkopo una marejesho, tafuteni wateja: viwanda, magari, majiko. Ukimwuliza mtu wa umeme, atakwambia bwawa lina ziada tele, tafuteni wateja: viwanda, treni, majiko. Umeona? Wote wawili wanamtazama mteja mmoja, na mteja huyo ni wewe na sufuria yako.

Kabla sijaenda kwenye sufuria, nikujibu "gesi ya nini tena". Fungua ramani ya mito. Mtera, MW 80, na Kidatu, MW 204, viko kwenye Ruaha Mkuu. Kihansi, MW 180, iko kwenye mto unaomwagia Kilombero. Ruaha na Kilombero wote wanaishia Rufiji, na Rufiji ndiyo yenye bwawa la Nyerere, MW 2,115. Jumlisha: MW 2,579 zinakunywa kisima kimoja. Vituo vya mto Pangani, vilivyo nje ya bonde hilo, vyote kwa pamoja havifiki MW 100. Mvua ikigoma Nyanda za Juu Kusini haigomei kituo kimoja, inagomea karibu umeme wote wa maji wa nchi. Oktoba 2015 vituo vya maji vilisimama kwa kina kushuka. Mwishoni mwa 2022 tukarudi kwenye mgawo. Bwawa jipya ni kubwa mno kulinganisha na Mtera, linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, na naamini litatuvusha msimu mmoja mbaya bila tabu. Misimu miwili mibaya mfululizo? Hapo sitaki kuapa.

Ndiyo maana mimi si miongoni mwa wanaosema zima gesi yote. Ninachosema ni kwamba gesi ibadilishiwe kazi. Kwa miaka 20 imekuwa mkulima wa kila siku: asubuhi shambani, jioni shambani. Sasa iwe mlinzi wa usiku. Ilale mwaka mzima, iamke mwaka wa ukame na zile saa chache za jioni ambazo laini fulani imeanguka. Mtambo wa gesi unawaka kwa dakika, na bomba lenyewe ni ghala dogo. Bomba la inchi 36 lenye urefu wa kilomita 470 na zaidi lina nafasi ya ndani ya kama mita za ujazo 300,000. Ukipandisha shinikizo lake kwa ba 10 tu (ba moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida), umeingiza gesi ya ziada ya zaidi ya futi za ujazo milioni 100, chakula cha mtambo wa MW 100 kwa siku nne. Hakuna betri tuliyonayo leo inayofanya hivyo.

Lakini mlinzi halipwi kwa idadi ya wezi. Unamlipa hata usiku ambao hakuna aliyeruka ukuta. Na hapa pana donda. Mikataba ya gesi na mapato ya bomba yamejengwa juu ya ujazo: futi ngapi zimepita, bei ngapi kwa kila moja. Bwawa likinywesha nchi, futi zinapungua na deni la bomba linabaki palepale; anayechimba visima naye, akikosa mnunuzi, hatatia hela kuvitunza. Ukifika ukame, unagonga mlango wa mlinzi na kukuta alishahama. Hivyo bei lazima igawanywe vipande viwili: ada ya kuwepo, inayolipwa iwe mvua au jua, na bei ya kinacholiwa. Ada hiyo itaonekana kama hasara kwenye vitabu vya miaka ya mvua, na kila mbunge atauliza kwa nini tunalipia mitambo iliyolala. Afadhali kujibu swali hilo bungeni kuliko kukodi mitambo ya dharura ya mafuta kwa bei ya kuumiza, kama tulivyofanya 2006 na 2011.

Na hewa ukaa? Uniti moja ya umeme kutoka mtambo wa kawaida wa gesi inatoa nusu kilo na zaidi kidogo ya hewa ukaa. Mlinzi anayeamka wiki nane katika miaka mitano anachafua kidogo sana. Tena tuambiane ukweli: ahadi ya Tanzania ya mwaka 2021 ni kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ingekuwaje bila hatua zozote, na uzito wa ahadi hiyo haulali Kinyerezi. Gesijoto yetu nyingi inatoka kwenye ardhi: misitu inayokatwa, mashamba na mifugo. Simama barabara ya Kilwa alfajiri uhesabu pikipiki zenye magunia ya mkaa zinazoingia mjini. Huo ndio mtambo wetu mkubwa wa moshi, hauna bomba wala mita.

Kwa hiyo jiko ndilo uwanja wenyewe. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Safi hapo ni pamoja na mtungi wa gesi, gesi ya bomba, umeme na bayogesi. Mkakati haukuchagua, na sikatai hekima ya kutochagua kwa mtu mmoja mmoja. Lakini mpangaji wa mitandao hawezi kutochagua. Huwezi kulaza bomba mtaa mzima na wakati huohuo ukabadilisha transfoma za mtaa huohuo, kazi zote mbili kwa ajili ya sufuria moja ya maharage. Moja itakosa wa kuilipa.

Miaka 20 tangu gesi ifike Dar es Salaam, nyumba zilizounganishwa na bomba ni za kuhesabu kwa maelfu machache, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilikuta kaya zaidi ya milioni 14. Si uvivu wa mtu. Ni ghali. Bomba la mtaani linataka mtaro, vali, mita, mtu wa kunusa uvujaji, na linatakiwa lihudumie miaka 40 ndipo lirudishe gharama. Mtaa usiopimwa, ambao nyumba zimebanana na barabara ya leo kesho ni ukuta wa mtu, huutandazii bomba kwa usalama. Waya unapita juu.

Waingereza wanaijua hesabu hii kwa upande wa pili. Nyumba zao zaidi ya milioni 20 zinapashwa joto kwa gesi ya bomba, urithi wa kazi kubwa iliyofanywa 1967 hadi 1977, walipopita nyumba kwa nyumba kubadilisha majiko yaendane na gesi ya Bahari ya Kaskazini. Leo wanataka watu wahamie kwenye pampu za joto za umeme, na swali linalowatoa jasho ni hili: wateja wakihama mmoja mmoja, bomba halipungui kidogo kidogo, linabaki zima, na wa mwisho kubaki, ambaye mara nyingi ni mpangaji asiye na uwezo wa kununua pampu, ndiye anayeachiwa bili ya bomba la mtaa mzima. Sisi tuna bahati ya kutokuwa na mabomba hayo. Sioni sababu ya kuyajenga ili baadaye tupate tabu ya kuyafukua.

Viwanda ni habari nyingine. Kiwanda cha saruji kama cha Dangote kule Mtwara kinahitaji moto mkali usiopatikana kirahisi kwa umeme, na kinakula pale pale jirani na visima. Bajaji na daladala zinazotumia gesi badala ya petroli, nazo sawa kwa kipindi hiki. Foleni za kujaza zinaonyesha watu wamepiga hesabu zao. Makubaliano ya Mei 2021 kati ya Tanzania na Kenya kuhusu bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa ndiyo yananitia mashaka. Tangu laini ya Isinya na Singida iwashwe, gesi inaweza kwenda Kenya ikiwa imeshakuwa umeme. Ukishalipia waya, kwa nini ulipie na bomba kwa safari ileile?

Kuna kitu kimoja kidogo kinachonikera kuliko mabomba yote, na kiko kwenye LUKU yako. Mteja mdogo wa nyumbani, wa daraja la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, uniti ya ziada ni shilingi 350, na akizoea kuzidi anahamishiwa T1 ambako kila uniti ni shilingi 292. Sasa mpikie huyu. Taa, televisheni na jokofu dogo, tuseme uniti 50. Jiko la presha la umeme, lile linalojizima lenyewe, linaivisha maharage kwa nusu uniti hivi. Mapishi ya siku nzima ya familia ni uniti moja hadi mbili. Mwezi ukiisha ameongeza 30 hadi 60. Amevuka 75. Serikali ileile inayomhimiza aache mkaa imemwekea ukuta palepale anapotaka kuruka. Na hii katika nchi inayozima mashine za bwawa kwa kukosa walaji! Kumwongezea uniti za bei nafuu kwa ajili ya jiko, hasa saa za mchana, ni kazi ya kalamu tu, haihitaji hata nguzo moja.

Nimesema mchana kwa makusudi. Wapishi wote wakiwasha saa kumi na mbili jioni, nyumba 90 za transfoma yako zikiwa na jiko la kilowati moja kila moja, hata nusu yao wakikutana, transfoma imekwisha. Maharage na makande ya saa nane mchana hayamuumizi mtu.

Na mchana ndiyo saa ya jua. Mradi wa Kishapu, Shinyanga, umepangwa kufika MW 150, awamu ya kwanza MW 50. Ni mdogo, lakini uko mahali panapofaa: karibu na uti wa mgongo wa laini ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, mbali na Rufiji, kwenye kanda ambayo umeme wa pwani unafika umechoka. Kiangazi, mito inaposinyaa, jua la Shinyanga na upepo wa Singida ndiyo kwanza vinachachamaa. Kila megawati ya jua mchana ni maji yaliyobaki bwawani hadi jioni. Bwawa ndiyo betri yetu, tuliyokwisha kuilipia. Ningekuwa na sauti, megawati 500 zinazofuata zote zingekuwa za jua na upepo, kanda ya kati na ziwa, na wala si mashine nyingine juu ya mto uleule.

Ndiyo tufike kwenye meza. Wote wako chini ya Wizara ya Nishati, kwa hiyo jengo ni moja. Lakini umeme una Mpango Kabambe wake, gesi ina mpango wake. TANESCO wanahesabu megawati, TPDC, shirika la taifa la mafuta na gesi, wanahesabu futi, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, wanapanga bei za wote wawili, kila ombi kwa faili lake. Kila mpango ukiusoma peke yake una mantiki. Ukiiweka miwili sambamba ndipo unaona kwamba makadirio ya gesi yanaweza kutegemea mitambo ambayo makadirio ya umeme yanatarajia kuilaza. Waingereza, Oktoba 2024, walianzisha chombo cha umma kiitwacho NESO kinachotazama gesi na umeme kwa jicho moja, na hao ni watu walioendesha mitandao hiyo kwa miongo mingi. Sisi hatuhitaji shirika jipya lenye magari mapya. Tunahitaji karatasi moja, mwaka hadi mwaka, inayojibu maswali ya kijinga: mwaka wa mvua nyingi, mitambo ipi inalala na nani anailipa? Mwaka wa ukame wa pili mfululizo, gesi kiasi gani inatakiwa ifike Kinyerezi, na visima viko tayari? Mtaa huu wa Mkuranga, unapikia nini mwaka 2035: bomba au waya? Likiandikwa moja, lingine lisichimbwe hapo.

Lile la mwisho, la kwako. Kama bomba limeshapita mbele ya ua wako na kufungiwa kunalipiwa na mradi, usiwe na kiburi, kubali. Bomba limeshalazwa, na gesi hiyo ni bora mara nyingi kuliko mkaa kwa mapafu yako na ya watoto. Wakikwambia uchangie mamia ya elfu kwa mtaro mpya, subiri kwanza, fanya jaribio hili. Azima jiko la presha la umeme kwa jirani au shoga yako. Soma mita ya LUKU, andika namba. Pika nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku. Soma tena. Zidisha kwa bei unayolipa wewe, kisha weka pembeni hela ya mkaa ambayo ungetumia kwa sufuria hiyohiyo. Niandikie namba zote tatu, na useme umeme ulikatika mara ngapi maharage yakiwa jikoni.